Njia Anayoimudu Mgonjwa: Mawasiliano ya Wagonjwa wa Muda Mrefu na Ofisi za Mafao

Maradhi ya muda mrefu humpa mgonjwa kazi ya pili ambayo haiandikwi katika cheti chochote cha daktari, nayo ni kazi ya kufuatilia mafao. Mfanyakazi aliyepooza upande mmoja atahitaji pensheni ya ulemavu kutoka katika mfuko alioucha­ngia. Aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi yake atadai fidia. Mstaafu mwenye kisukari atapaswa kuthibitisha kwamba yu hai ili pensheni yake isisimamishwe. Kila mmoja wao atajaza fomu, atapokea simu, ataitwa mbele ya jopo la madaktari na ataambiwa arudi wiki ijayo na kiambatisho kilichosahauliwa.

Utaratibu huu umejengwa kwa kumfikiria mtu mzima wa afya: anayeweza kukaa foleni tangu asubuhi, kusikia jina lake likiitwa, kusoma maandishi madogo, kutia saini ileile aliyoitia miaka 20 iliyopita na kujibu maswali ya haraka kwenye simu. Mgonjwa anaposhindwa mojawapo ya hayo, jalada lake huandikwa maneno mafupi: hakufika, hakujibu, saini haifanani. Ofisi huona uzembe, hali kilichopo ni dalili ya ugonjwa uleule uliomleta kudai mafao. Matokeo yake si usumbufu tu. Malipo yakichelewa miezi mitatu, zipo dawa ambazo hazitanunuliwa, nauli ya kwenda kliniki itakosekana, na hali iliyokuwa imetulia inaweza kuharibika upya.

Kuna dawa ya tatizo hili ambayo wagonjwa wengi hawaijui na wahudumu wa afya wengi hawaiandiki: ombi la marekebisho ya mawasiliano. Mgonjwa haombi kulegezewa masharti ya mafao. Anaomba kwamba ofisi imfikie, naye aifikie ofisi, kwa njia ambayo mwili wake unaimudu.

Ugonjwa unavyoziba njia

Watu wakisikia ugumu wa mawasiliano hufikiria kwanza wasioona na viziwi. Hao wanahusika, lakini orodha ni ndefu zaidi.

Kiharusi ni mfano wa wazi. Takribani theluthi moja ya waliopatwa na kiharusi hupata afasia, yaani kuharibika kwa uwezo wa lugha kutokana na jeraha la ubongo, hasa upande wa kushoto. Mwenye afasia anaweza kujua kabisa anachotaka kusema na asilipate neno. Au akasema ndiyo ilhali anakusudia hapana. Akili yake haijapotea. Akipigiwa simu na ofisa anayemtaka athibitishe tarehe ya kuzaliwa na namba ya uanachama, atanyamaza au atakosea, na simu itakatwa kwa kudhaniwa kwamba ni mtu mwingine anayejifanya yeye.

Ugonjwa wa Parkinson huifanya sauti kuwa ndogo na mwandiko kuwa mdogo zaidi mwaka hadi mwaka. Saini ya leo haiwezi kufanana na ile iliyomo katika jalada. Alama za vidole nazo, ambazo wengi huziona kuwa utambulisho usiobadilika, huweza kufifia: dawa ya saratani iitwayo capecitabine huunguza ngozi ya viganja kwa baadhi ya wagonjwa kiasi kwamba mashine haisomi tena vidole vyao. Mgonjwa wa namna hiyo akisimama mbele ya kifaa cha uhakiki, kifaa kitamkana.

Kisukari cha miaka mingi huharibu retina, na barua yenye maandishi ya kawaida hugeuka ukungu. Baadhi ya waliotibiwa kifua kikuu sugu kwa sindano za kanamycin walipona kifua wakapoteza usikivu, na usikivu uliopotea kwa njia hiyo haurudi. Shirika la Afya Duniani limekwisha kuacha kupendekeza dawa hiyo, lakini waliodhurika kabla ya hapo wangali wanaishi na kuitwa majina yao katika kumbi za kusubiria bila kusikia.

Yapo pia maradhi yasiyogusa jicho wala sikio. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu kwa mashine kwa kawaida hukaa kitandani takribani saa nne, mara tatu kwa wiki. Miadi ya ofisini ikiangukia siku hizo, yeye hana uhuru wa kuchagua. Mwenye selimundu hawezi kuahidi kwamba Jumanne ijayo hatakuwa na maumivu makali. Na kuna ugonjwa unaojulikana kwa kifupi cha ME/CFS, ambao alama yake kuu ni kwamba juhudi ndogo, hata ya akili, huzidisha dalili zote, aghalabu baada ya saa kadhaa au siku nzima kupita. Mgonjwa huyo anaweza kuzungumza vizuri kwenye simu kwa nusu saa, ofisa akaridhika kwamba ni mzima, kisha akalala siku tatu kwa sababu ya mazungumzo hayo. Gharama ya mawasiliano hulipwa pale ambapo ofisa haoni.

Sheria inasemaje

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, katika ibara ya 11, inaitaka mamlaka ya nchi kuweka utaratibu wa kumwezesha mtu kupata msaada wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010. Kenya iliridhia mkataba huohuo mwaka 2008, na Katiba yake ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inamhakikishia mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya alama, nukta nundu au njia nyingine ya mawasiliano inayomfaa.

Mkataba huo una mambo mawili ambayo kila mhudumu wa afya angefaa kuyakumbuka. La kwanza ni maana pana ya mawasiliano: ndani yake mna maandishi makubwa, sauti, lugha nyepesi, msomaji wa kibinadamu na vifaa vya kisasa, sambamba na nukta nundu na lugha ya alama. La pili ni dhana ya marekebisho stahiki, yaani mabadiliko yanayohitajika kwa mtu fulani katika mazingira fulani, yasiyomtwika mtoa huduma mzigo uliopita kiasi. Kumnyima mtu marekebisho ya namna hiyo kunahesabiwa na mkataba kuwa ubaguzi.

Wagonjwa wengi husita hapa. Husema: mimi ni mgonjwa, si mlemavu. Lakini mkataba hauangalii jina la hali. Unaangalia kama kuna upungufu wa muda mrefu wa mwili, akili au hisi ambao, ukikutana na vikwazo vya mazingira, unamzuia mtu kushiriki sawa na wenzake. Mwenye figo zilizoshindwa kazi, au mwenye afasia, anaweza kabisa kuingia katika maelezo hayo ingawa hatembei na fimbo wala hana kitambulisho cha ulemavu.

Uingereza: wajibu ulioandikwa

Nchi ambayo jambo hili limepewa umbo la wazi la kisheria ni Uingereza. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inayotumika England, Wales na Scotland, inawabana watoa huduma wote, ikiwemo wizara ya Kazi na Pensheni inayolipa mafao. Ulemavu unaelezwa humo kuwa upungufu wenye athari kubwa na ya muda mrefu katika shughuli za kila siku, na muda mrefu maana yake ni miezi 12 au zaidi. Saratani, maambukizi ya VVU na ugonjwa wa neva wa multiple sclerosis huhesabiwa tangu siku ya kugunduliwa.

Sheria hiyo ina sifa mbili za kuigwa. Mtoa huduma hatakiwi kungoja mlalamikaji wa kwanza. Anatakiwa afikirie mapema kwamba miongoni mwa wateja wake wamo wasioona, wasiosikia na wasioweza kutumia simu. Tena haruhusiwi kumtoza mhusika gharama ya marekebisho. Kwa msingi huo mdai wa mafao anaweza kuomba barua kwa maandishi makubwa, nukta nundu au sauti, au aombe kwamba mambo yake yaendeshwe kwa maandishi badala ya simu. Umuhimu wake unaonekana mtu anapodai fao la ulemavu liitwalo PIP: fomu ndefu ya maelezo hutakiwa kurudishwa ndani ya mwezi mmoja, na fomu iliyofika kwa umbo lisilosomeka hula siku hizo bila mdai kupata neno. Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi huko wakumbuke kwamba kuomba mkalimani wa lugha na kuomba marekebisho ya ugonjwa ni mambo mawili, na mtu mmoja anaweza kuyahitaji yote.

Huduma ya afya ya England nayo ilianza kutekeleza, mwaka 2016, kiwango cha taarifa zinazofikika kilichokuwa na hatua tano: kumuuliza mgonjwa hitaji lake la mawasiliano, kuliandika, kuliwekea alama katika jalada ili lionekane, kuwashirikisha wengine wanaomhudumia kwa ridhaa yake, na kulitimiza. Hatua hizo hazihitaji mashine ya gharama. Zahanati yenye daftari na kalamu nyekundu inaweza kuzifuata kuanzia kesho.

Ombi linaloeleweka

Ombi zuri ni fupi, limeandikwa mapema, na linataja kitu kinachoweza kufanyika. Maneno kama "naomba mnifikirie hali yangu" humwachia ofisa kazi ya kubuni. Mgonjwa ajiulize ni wakati gani hasa hukwama: kusikia, kusoma, kuandika, kusema, kukumbuka, kusubiri au kufika? Jibu la swali hilo ndilo ombi lenyewe. Asiyesikia ataomba ujumbe mfupi wa maandishi badala ya simu, na karani amfuate alipoketi badala ya kuita jina. Asiyeona vizuri ataomba maandishi makubwa au asomewe fomu faraghani, si mbele ya foleni. Anayesahau ataomba maelekezo kwa maandishi baada ya kila mazungumzo. Anayechoka ataomba mahojiano mafupi yenye mapumziko. Ambaye saini au vidole vyake vimebadilika ataomba njia nyingine ya kumtambua.

Barua inaweza kuwa hivi:

*Meneja wa Mkoa,*

*Yah: Ombi la marekebisho ya mawasiliano, mwanachama namba …*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwanachama wa mfuko wako na nimewasilisha dai la pensheni ya ulemavu. Kutokana na kiharusi, ninaelewa maelezo mafupi lakini siwezi kujibu maswali kwa simu. Mkono wangu wa kulia umepooza, hivyo saini yangu imebadilika.*

*Ninaomba: (1) nisipigiwe simu, bali niandikiwe ujumbe mfupi au barua, (2) nipewe maswali kwa maandishi na muda wa wiki mbili kuyajibu, (3) nitambuliwe kwa kitambulisho cha taifa na alama ya kidole cha kushoto badala ya saini, (4) ombi hili liwekwe juu ya jalada langu ili kila ofisa alione. Nimeambatisha barua ya daktari. Naomba kujibiwa kwa maandishi.*

Nakala moja ibaki kwa mgonjwa ikiwa na muhuri wa kupokelewa, tarehe na jina la aliyeipokea. Bila muhuri huo, barua ni kama haikuandikwa. Jambo la nne katika mfano huu lisidharauliwe. Maofisa huhamishwa, na makubaliano ya mdomo huhama nao. Kilichoandikwa juu ya jalada humpokea ofisa mpya.

Mgonjwa aelewe pia mpaka wa ombi lake. Marekebisho ya mawasiliano hayabadilishi idadi ya michango inayotakiwa wala kiwango cha ulemavu kinachopimwa na jopo la madaktari. Ofisi inaweza kukataa jambo lililo nje kabisa ya uwezo wake. Lakini ujumbe mfupi, maandishi makubwa, kiti karibu na dirisha na siku isiyogongana na usafishaji damu haviwezi kuitwa mzigo uliopita kiasi.

Barua ya mhudumu wa afya

Barua ya daktari inayoambatishwa mara nyingi hubeba jina la ugonjwa peke yake, tena kwa kifupi cha Kiingereza ambacho wanataaluma pekee hukifahamu. Ofisa wa mafao hawezi kujua kutokana na jina la ugonjwa kwamba mtu huyu haruhusiwi kupigiwa simu. Kinachohitajika ni maelezo ya utendaji: mgonjwa anaweza nini, hawezi nini, kwa muda gani, na anahitaji nini. "Mgonjwa huyu ana kiharusi cha zamani" haimsaidii mtu. "Kutokana na kiharusi, mgonjwa huyu anaelewa sentensi fupi zinazosemwa polepole, hawezi kuongea kwa simu, na hali hii inatarajiwa kudumu" ni sentensi moja tu, lakini inaweza kuokoa miezi ya kuzungushwa.

Barua iseme kama hali ni ya kudumu au ya kupanda na kushuka. Hili la pili lisiposemwa, ofisa aliyemwona mgonjwa siku nzuri ataamini kwamba amedanganywa. Kwa mwenye selimundu au ME/CFS, barua ieleze wazi kwamba kuonekana vizuri siku ya mahojiano si kipimo cha siku nyingine.

Siri ya mgonjwa ilindwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Ombi la maandishi makubwa halihitaji kutaja hali ya mgonjwa kuhusu VVU. Linahitaji kusema kwamba haoni maandishi ya kawaida. Mgonjwa asomewe barua kabla haijafungwa, akubali kila kilichomo, na apewe nakala. Muuguzi, mtaalamu wa tiba ya usemi na afisa ustawi wa jamii wa hospitali mara nyingi huujua ugumu wa mgonjwa kuliko daktari aliyemwona dakika kumi; maelezo yao yaingizwe.

Ndugu anayemsemea

Katika familia zetu mgonjwa haendi ofisini peke yake. Mke, mtoto au shangazi huongozana naye, na ofisa huelekea kuzungumza na huyo mzima. Msaada huu ni neema, lakini una hatari. Kumsaidia mtu kuwasiliana ni jambo moja. Kuamua kwa niaba yake ni jambo jingine, linalohitaji hati ya uwakili au idhini ya kisheria. Mwenye afasia anayetikisa kichwa amesema jambo, na ofisa anapaswa kungoja alimalize. Maswali ya ndiyo na hapana, karatasi yenye picha au maneno ya kuonyesha kwa kidole, na muda wa ziada, vinaweza kumrudishia mtu mazungumzo ambayo ndugu zake walikwisha kuyachukua bila nia mbaya. Fedha zinapohusika tahadhari hiyo huwa kubwa zaidi, maana si kila anayesindikiza mgonjwa anamtakia mema.

Ombi likikataliwa au likisahauliwa

Hatua ya kwanza ni kumwandikia mkuu wa ofisi ileile, kwa upole, ukiambatisha nakala yenye muhuri. Ikishindikana, malalamiko yapelekwe makao makuu ya mfuko. Juu ya hapo ipo Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, ambayo hupokea malalamiko dhidi ya taasisi za umma kuhusu ukiukwaji wa haki na utendaji mbovu. Vyama vya watu wenye ulemavu na vituo vya msaada wa kisheria vinaweza kumsaidia mgonjwa asiye na nguvu za kuandika barua ya pili na ya tatu.

Katika kila hatua kiandikwe kilichotokea: tarehe, jina la ofisa, kilichosemwa, na athari yake kwa mgonjwa. Kama miadi ilikosekana kwa sababu simu ilipigwa kwa mtu asiyesikia, isemwe hivyo, na ombi la kurejeshewa miadi liandikwe siku hiyohiyo. Muda wa kukata rufaa huanza kuhesabika hata kama barua ya uamuzi haikusomeka.

Kliniki ya kisukari, ya figo, ya selimundu au ya kiharusi inaweza kuanza na swali moja kwa kila mgonjwa anayehudhuria: ofisi ikitaka kuzungumza nawe, ifanye hivyo kwa njia gani? Jibu liandikwe kwenye kadi yake ya kliniki, kwa Kiswahili, mahali panapoonekana. Mgonjwa atakapofika mbele ya dirisha la mafao, hatalazimika kutafuta maneno ambayo ugonjwa umemnyang'anya. Ataitoa kadi, na karani ataanza na njia iliyoandikwa hapo.